Mlima wa Siku Moja



Mara tatu au nne tangu mwaka huu uanze, vijana wa jumuiya yetu wametuonyesha picha ileile katika simu zao. Ni picha ya mlima wenye mistari myekundu, ya manjano, ya kijani na myeupe, mithili ya kikoi kilichoanikwa juani. Swali lao huwa moja: je, mlima huo upo kweli, na mtu aweza kweli kuupanda na kurudi kwa siku moja? Mwezi wa Juni uliopita tulijaliwa kwenda kuuona, kwa hiyo leo twaweza kuwajibu kwa ushahidi wa macho yetu. Mlima upo. Siku moja yatosha kwenda na kurudi. Lakini siku hiyo moja husimama juu ya siku nyingine nyingi ambazo hazitajwi katika tangazo, na anayezipuuza hulipa kwa afya yake, au huwaachia wengine deni la kumlipia.

Mlima wenyewe waitwa Vinicunca. Umo katika safu ya Andes nchini Peru, kusini mashariki ya mji wa Cusco, katika nchi ya wafugaji wa alpaka wasemao Kikechua. Kilele wanachofikia wageni kina mita 5,036 kutoka usawa wa bahari. Ili msomaji apate kipimo, Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza na Uskoti, una mita 1,345. Mlima Kenya una mita 5,199. Na Kilimanjaro una mita 5,895. Kwa hiyo huyu ni ndugu wa Mlima Kenya kwa kimo, si kilima cha kwenda kutembea baada ya chakula cha Jumapili. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro hupandwa kwa siku tano, sita au saba, mtu akilala kila usiku juu kidogo ya alipolala jana, na wapagazi wakimwimbia “pole pole” njia nzima. Vinicunca hupandwa kwa siku moja kwa sababu sehemu kubwa ya kupanda hufanywa na gari. Miguu ya msafiri hupumzika, lakini mapafu yake hayakupumzika hata kidogo. Yamepandishwa tu bila kuulizwa.

Hapo ndipo penye jambo la kwanza tunalotaka kulieleza, na mtuwie radhi ikiwa tutarudia kidogo tabia ya darasani. Watu wengi husema kwamba juu milimani hewa ya oksijeni ni chache kwa maana ya kwamba imetolewa hewani. Sivyo. Katika kila sehemu mia za hewa, oksijeni ni sehemu 21, pwani na mlimani vilevile. Kinachopungua ni uzito wa hewa unaoisukuma oksijeni iingie mwilini. Katika kimo cha mita 5,000 uzito huo ni kama nusu tu ya ule wa pwani. Basi kila pumzi moja unayoivuta pale ni kama nusu ya pumzi ya Mombasa au Unguja. Mwili ulioumbwa kwa hekima hujirekebisha: pumzi huwa za haraka zaidi, moyo huongeza mapigo, figo hubadili mizani ya damu, na baada ya majuma kadhaa chembe nyekundu za damu huongezeka. Lakini kazi hii huhitaji siku, na siku hizo hazinunuliki kwa fedha.

Mji wa Cusco wenyewe, uliokuwa makao makuu ya dola ya Inka, uko kwenye mita zipatazo 3,400. Wasafiri wengi hufika Lima, mji ulioko ufukweni mwa Bahari ya Pasifiki, kisha hupanda ndege inayowafikisha Cusco kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Asubuhi mtu yu pwani, adhuhuri yu juu kuliko vilele vingi vya Ulaya. Sisi tulikaa Cusco siku nne kabla ya kuugusa mlima. Siku ya kwanza tulitembea kutoka nyumba ya wageni hadi uwanja mkuu wa mji tukahisi kana kwamba tumebeba gunia la mchele. Siku ya pili kichwa kiliuma asubuhi na usingizi ulikuwa wa vipande vipande. Siku ya tatu tulikula vizuri. Siku ya nne tulipanda ngazi za kanisa bila kusimama. Hayo ndiyo maandalizi, na hayana njia ya mkato.

Wenyeji hutoa chai ya majani ya koka, nayo ni desturi yao tangu kale. Humpa mgeni nafuu na kumfariji. Lakini tunawahadharisha wasomaji wetu mambo mawili. Majani hayo yamepigwa marufuku hapa Uingereza, hivyo asiyatie mtu katika mzigo wake kama zawadi. Na ambaye kazi yake humpima mkojo kwa ajili ya dawa za kulevya, hata kikombe kimoja chaweza kumwingiza katika maelezo marefu.

Sasa tuingie siku yenyewe. Gari lilitufuata saa kumi alfajiri. Tulikuwa watu kumi na wawili pamoja na kiongozi wa msafara, kijana wa makamo aliyezungumza Kikechua na wazee wa njiani, Kihispania na dereva, na Kiingereza nasi. Barabara yafuata bonde la mto Vilcanota kuelekea kusini, kisha hapo Cusipata huacha lami na kupanda kwa mizunguko katika vijiji vya udongo na mashamba ya viazi. Wawili miongoni mwetu waliomba gari lisimame, wakaswali alfajiri kando ya ukuta wa mawe, pumzi zao zikitoka kama moshi. Baadaye tulipewa uji mzito, mkate na mayai. Penye lango tulilipa ada ya jamii za wenyeji. Saa mbili asubuhi tulikuwa mwanzo wa njia, kwenye mita 4,600 hivi, na jua limekwisha kuchoma ingawa maji katika vidimbwi yalikuwa yangali barafu.

Kutoka hapo ni kilometa nne hivi kwenda, na nyingine nne kurudi. Ungekuwa Hyde Park ungezimaliza ukiwa unazungumza. Pale mazungumzo hukatika yenyewe. Njia ni pana na haina hatari ya kuanguka. Hupita katika bonde la majani mafupi ambamo alpaka hula bila kujali wapitao. Kando yake wenyeji husimama na farasi wao: wanaume wamevaa ponchi na kofia za sufi zilizofumwa, wanawake sketi nzito za rangi na kofia bapa zenye pindo. Miguuni wengi wamevaa makatambuga ya mpira wa gari, yale yale tuliyoyazoea kwa Wamaasai, na kwa viatu hivyo hukimbia mlimani kandokando ya farasi huku mgeni mwenye viatu vya bei kubwa akihesabu hatua zake. Sisi tulipanda farasi katika sehemu ya kati, kwa kuwa umri una haki yake. Mteremko wa mwisho ni mkali, nao farasi hawaruhusiwi. Kila mtu hushuka na kwenda kwa miguu. Tulikwenda hatua ishirini, tukasimama. Ishirini nyingine, tukasimama.

Katika kundi letu walikuwamo vijana wawili waliotua Cusco adhuhuri ya siku iliyotangulia, wakitoka moja kwa moja Lima. Walikuwa wenye afya na misuli, nao waliongoza mbele mwendo wa robo saa. Kisha mmoja akakaa juu ya jiwe. Alipoulizwa alisema ni uchovu tu. Kiongozi akamtazama midomo, akamuuliza jina la hoteli aliyolala, akamwambia atembee hatua kumi katika mstari ulionyooka. Kijana hakulikumbuka jina la hoteli, na mstari hakuuweza. Hapakuwa na mjadala. Kiongozi alimkabidhi kwa mwenye farasi, akazungumza kwa simu ya upepo na dereva, na kijana akateremshwa pale pale pamoja na mwenzake. Tuliporudi alasiri tulimkuta kwenye gari amejifunika blanketi, anakunywa chai na kuona haya. Mita mia chache za kushuka zilikuwa zimemponya, na kila tulivyoendelea kuteremka na gari ndivyo alivyorudiwa na kauli yake.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna somo lote la mlima. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi ni onyo la kwanza. Mwenye dalili hizo asipande zaidi. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuyumba kama mlevi, ubongo wake unavimba. Akikosa pumzi hata alipoketi, akakohoa bila kukoma, mapafu yake yanajaa maji. Hali hizo mbili huua, wakati mwingine kwa muda wa saa chache, na dawa yake ya kwanza ni kuteremka mara moja, usiku au mchana, iwe kilele kiko mbali au kiko mbele ya macho. Nguvu za mwili hazisaidii kitu. Kijana mwanariadha huweza kuugua na bibi yake akapita. Kwa hiyo kiongozi mwema hapimwi kwa wangapi aliowafikisha juu. Mpime kwa wepesi wake wa kumrudisha mtu chini.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya watalii hulitaja kwa mstari mmoja, nasi hatuna budi kulitaja kwa sauti, kwa sababu latuhusu sisi kuliko wengine. Katika jamaa zetu, tuwe tumetoka Pwani ya Afrika Mashariki, Kongo, au Oman, ugonjwa wa selimundu si mgeni. Mwenye ugonjwa huo akipanda milima mirefu namna hii, upungufu wa oksijeni waweza kumwamshia maumivu makali na hata kumhatarisha maisha. Na hata yule aliyerithi upande mmoja tu, ambaye haumwi siku zote na pengine hajijui, imepata kutokea kwamba wengu wake, au bandama kama wengine wanavyouita, ukadhurika akiwa mlimani. Basi kijana yeyote wa jamaa zetu anayefikiria safari hii apimwe damu kwanza, azungumze na daktari, na aulizie pia kama dawa ya asetazolamidi, inayosaidia mwili kuzoea kimo, yamfaa. Wenye maradhi ya moyo na mapafu, na wajawazito, vivyo hivyo wasiende kabla ya kupata ushauri. Na kila mtu asome bima yake ya safari mpaka mwisho: nyingi zina kikomo cha mita, na mita 5,000 mara nyingi zimezidi kikomo hicho.

Turudi mlimani. Tulifika juu karibu saa nne na nusu. Upepo ulikuwa mkali hata kofia ilishikwa kwa mikono miwili. Rangi zipo, lakini ni za upole kuliko zile za picha, ambazo nyingi zimekolezwa kwa mashine. Kwa macho yetu zilikuwa rangi za udongo, viungo na majani makavu, nazo zilipendeza zaidi kwa kuwa za kweli. Mistari hiyo ni matabaka. Zama za mbali mno, mchanga, matope na chokaa vilitua chini ya maji tabaka juu ya tabaka. Kisha ardhi ya chini ya Pasifiki ikasukumwa chini ya bara la Amerika Kusini, Andes ikainuliwa, na matabaka yaliyokuwa yamelala yakainama na kusimama wima. Wekundu watokana na chuma kilichopata kutu, manjano ni chuma kilichochanganyika kwa namna nyingine, kijani ni udongo wenye chuma na magnesi, na weupe ni mchanga safi na chokaa. Siku moja ya msafiri imefunuliwa kitabu kilichoandikwa kwa mamilioni ya miaka.

Mbele yetu ulisimama Ausangate, mlima wa mita 6,384, mweupe kwa barafu. Wenyeji huuita Apu, maana yake bwana na mlinzi, na kabla ya kutafuna koka humtengea majani yake. Katika bonde la Sinakara, karibu na huko, hufanyika kila mwaka hija ya Qoyllur Rit’i, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa utamaduni. Zamani mahujaji maalumu walikuwa wakikata mapande ya barafu na kuyabeba mgongoni hadi vijijini, kwa kuwa maji yake yaliaminika kuwa dawa. Desturi hiyo imeachwa, kwa kuwa barafu yenyewe inarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Sisi tuliozaliwa mbele ya Kilimanjaro, ambacho kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912, hatuhitaji kufafanuliwa huzuni hiyo.

Sasa tufike kwa watu, maana mlima usio na watu ni jiwe tu. Kabla ya mwaka 2015 hivi, Vinicunca haukuwa na watalii wa kuhesabika. Wafugaji wa jamii kama Pampachiri walipita hapo na alpaka wao, bei ya sufi ikishuka, na vijana wao wakiondoka kwenda mijini na kwenye machimbo ya dhahabu. Msomaji aliyeko mbali na kwao na aisome tena sentensi hiyo, aone kama hakujisoma mwenyewe ndani yake. Kisha wageni wakaanza kuja, na kufikia mwaka 2018 walikuwa wakifika hadi elfu moja kwa siku. Jamii ikaanza kutoza ada, yapata dola 3 kwa kila mgeni. Vijana waliokuwa machimboni wakarudi, wakanunua farasi, wakajenga. Wahenga wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hatujapata kuona mahali ambapo methali hiyo imetimia waziwazi namna ile: mama ashikaye hatamu ya farasi amelala kwake usiku, na mwanawe hakwenda kuchimba dhahabu.

Lakini uponyaji huo nao una gharama yake. Miguu elfu mbili kila siku imeichimba njia. Mvua hukamata udongo uliolegea na kuuteremsha. Ardhi ya majimaji waliyokuwa wakitua bata wahamao iligeuzwa maegesho ya magari. Na mwaka 2018 huohuo kampuni moja ya madini ya Kanada ilipata haki ya kutafuta madini katika eneo lililoujumuisha mlima. Kelele zilipopigwa, ikaiachia haki hiyo kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo wenyeji wako kati ya mambo mawili. Wakiwakataa wageni, watoto huondoka. Wakiwapokea bila kipimo, mlima huondoka. Mgeni hawezi kuwaamulia, lakini aweza kuchagua awe mzigo wa namna gani.

Tunawashauri basi vijana wetu hivi. Mwenye nia ya kwenda na aende, kwa kuwa kusafiri ni elimu, na macho yetu hayakujuta. Atenge siku zisizopungua nne Cusco, au ateremke kwanza kwenye Bonde Takatifu lililo chini kidogo, ndipo apande. Aende kati ya Mei na Septemba, wakati wa kiangazi chao. Miezi ya mvua, hasa Januari na Februari, njia huwa tope na theluji huzifunika rangi. Asichague msafara kwa urahisi wa bei peke yake: aulize kama kiongozi ana mtungi wa oksijeni na simu, na kama atamrudisha chini mgonjwa bila kusubiri wengine. Ada ya jamii ailipe bila kunung’unika, na kama atachoka akodi farasi wa mwenyeji, kwa kuwa fedha hiyo huishia mkononi mwa yule aliyemshikia hatamu. Apite katika njia iliyopo, asitengeneze ya kwake ili apate picha nzuri zaidi. Na akumbuke kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: magoti huuma zaidi wakati wa kurudi, na safari haijaisha mpaka amerudi mjini.

Kwa wazazi tuna neno moja tu. Mtoto akikuambia anakwenda mlimani kwa siku moja, usimkataze na usimruhusu papo hapo. Muulize atakuwa na siku ngapi kabla ya siku hiyo. Jibu lake litakueleza kama ameuelewa mlima au ameiona picha tu.

Tukijaliwa uzima, tukutane tena mwezi ujao.